Utani Usio na Mtani

Katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi nchini Marekani, watu walisimulia kwa miaka mingi kisa cha mvulana aliyetupia jicho jengo la shule mara moja tu, akataja idadi ya matofali yake. Mvulana huyo alikuwa Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933. Wenzake waliisambaza habari hiyo, na sifa yake ikakua naye. Alipokuwa mzee, waandishi wa habari John Donvan na Caren Zucker walimfuata na kumuuliza aliwezaje kuhesabu kwa kasi ile. Akawajibu kwamba hakuhesabu chochote. Alitaja namba iliyomjia kichwani, kwa sababu alitaka wavulana wale wamwone mtu wa maana.

Jibu hilo linastahili kusikilizwa kwa makini, kwa kuwa Donald ndiye mtu wa kwanza katika historia ya tiba kutambuliwa rasmi kuwa na usonji. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore alichapisha makala kuhusu watoto 11, na wa kwanza kuelezwa humo ni "Donald T." Kanner aliwaona watoto hao kama watu waliojifungia katika dunia yao, wasiojali kama kuna mtu karibu au hakuna. Kumbe yule wa kwanza kabisa kati yao, alipofika shuleni, alikuwa na wazo lile lile linalomsumbua kila kijana: wenzangu wananionaje?

Hapo ndipo swali la dini na la falsafa linapozaliwa. Ikiwa daktari bingwa aliyemchunguza mtoto kwa miaka hakuliona wazo hilo ndani yake, jirani anayemtazama kwa dakika moja kituo cha daladala anamhukumu kwa ushahidi gani? Na akishamhukumu, kicheko chake juu ya mtu huyo kina uzito gani mbele ya Mungu na mbele ya utu?

Usonji si wazimu, wala si ugonjwa wa kuambukiza. Ni namna ubongo unavyokua tangu utotoni, na huathiri jinsi mtu anavyopokea sauti, mwanga, mguso, maneno na nyuso za watu. Wapo wasiozungumza kabisa na watakaohitaji kusaidiwa kula na kuvaa maisha yao yote. Wapo pia wanaofundisha vyuo vikuu. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, msikiti uliojaa siku ya Ijumaa huwa na watu hao, kanisa lililojaa Jumapili huwa nao, na shule kubwa ya msingi ya Temeke au Kisauni inao wengi, hata kama hakuna aliyewahi kuwatambua. Majina wanayoitwa ni mengine: zezeta, taahira, chizi, mtoto wa jini.

Hukumu ya sekunde chache

Mwaka 2017 Noah Sasson wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Dallas, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya utafiti uliopima jinsi watu wanavyowapokea watu wazima wenye usonji mara ya kwanza wanapowaona. Washiriki walionyeshwa vipande vifupi vya video, wengine wakasikilizishwa sauti peke yake, wengine wakaonyeshwa picha, na wengine wakapewa maneno tu yaliyoandikwa kwenye karatasi. Kisha wakaulizwa: ungependa kukaa karibu na mtu huyu? Ungeanzisha mazungumzo naye?

Waliotazama au kusikiliza walitoa hukumu kwa sekunde chache, na hukumu hiyo ilikuwa kali. Hawakuwa tayari kuzungumza na mwenye usonji wala kuwa karibu naye kama walivyokuwa tayari kwa asiye nao. Lakini waliosoma maneno yale yale kwenye karatasi, bila kuona uso wala kusikia sauti, hawakuona tofauti yoyote kati ya mwenye usonji na asiye nao. Alichosema mtu hakikuwa na kasoro. Kilichomponza ni jinsi alivyosikika na alivyoonekana.

Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye yeye mwenyewe ana usonji, alikuwa ametoa hoja inayoelekea huko mwaka 2012. Kwa miongo mingi vitabu vilifundisha kwamba mtu mwenye usonji hana uwezo wa kuingia katika hisia za wenzake. Milton akauliza: na wenzake, wao huingia katika hisia zake? Kama watu wawili hawaelewani, kwa nini lawama zote zibebeshwe mmoja? Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wa Edinburgh walichapisha jaribio lililoipa hoja hiyo nguvu. Walipanga watu katika makundi ya wanane wanane, wakampa wa kwanza hadithi amsimulie wa pili, wa pili amsimulie wa tatu, hivyo hivyo hadi wa mwisho. Makundi ya watu wenye usonji watupu yaliifikisha hadithi vizuri sawa na makundi ya wasio na usonji watupu. Hadithi ilipotea zaidi katika makundi yaliyochanganya watu wa aina zote mbili.

Basi anayesema "huyu haelewi watu" anasema nusu tu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba watu nao hawamwelewi yeye.

Hata ishara zinazotumiwa kumhukumu hazina maana moja kila mahali. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, mtoto anayemkodolea macho mkubwa hukaripiwa, na kuinamisha uso ndiyo heshima. Mtoto huyo huyo akikua na kufika kwenye usaili wa kazi, anaambiwa kwamba asiyemtazama mtu machoni ana jambo anaficha. Watu wengi wenye usonji hueleza kwamba kutazamana macho kwa macho huwaumiza, au huwafanya wasisikie kinachosemwa. Nyumbani kwa bibi tabia hiyo ni adabu; ofisini inageuka kuwa hatia.

Lugha nayo ina mitego yake. Kiswahili hupenda mafumbo, na msemaji hodari huepuka kusema jambo waziwazi. Mwalimu akifoka, "Shika adabu yako!", mwanafunzi anayepokea maneno kama yalivyo anaweza kuuliza kwa moyo mweupe adabu ishikwe wapi. Darasa litaangua kicheko. Mwalimu atadhani ametukanwa, na fimbo itafuata. Mtoto atarudi kwenye dawati akiwa ameadhibiwa kwa kuuliza swali la kweli, na atajifunza kutouliza tena.

Utani na masharti yake

Mtu akikemewa kwa kumcheka mwenye usonji, utetezi wa kwanza ni kwamba ulikuwa utani tu. Afrika Mashariki inaujua utani vizuri, na kwa sababu hiyo inaweza kuupima utetezi huo kwa mizani yake yenyewe.

Nchini Tanzania utani ni taasisi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na wengi huunasibisha utani wao na misafara ya biashara iliyoshuka pwani karne ya 19. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne hiyo hiyo, kisha wakawa watani. Wachaga na Wapare wanataniana. Ndani ya ukoo, mjukuu humtania babu na bibi, na mashemeji hutaniana. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya watu, akanyang'anya kuku wako, akaigiza mwendo wako, nawe huna ruhusa ya kukasirika.

Lakini taasisi hiyo ina masharti. La kwanza, unayemtania naye ana haki ya kukutania kwa kiwango kile kile, na jamii nzima inaijua haki hiyo. La pili, utani ni deni. Siku ya msiba, watani ndio wanaokuja kufanya kazi nzito za mazishi, na wao ndio wanaowachekesha wafiwa machozi yakiwa hayajakauka. Mtu asiyefika kukuzika hana haki ya kukucheka. Kwa hiyo utani huwafunga watu wawili walio sawa katika uhusiano ambao wote wawili wanaujua.

Kundi la vijana linalomzunguka mwenzao mwenye usonji na kumwigiza anavyopunga mikono halitimizi hata sharti moja kati ya hayo. Yeye hana nafasi ya kujibu. Mara nyingi hajui kama mchezo umeanza wala umekwisha lini. Hakuna anayepanga kumfaa siku ya shida. Mila za wazee zenyewe haziwezi kuuita huo utani. Ni dhihaka, na wanaoifanya wanalijua hilo, ndiyo maana mzee akipita hunyamaza.

Mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes, katika kitabu chake Leviathan cha mwaka 1651, alikiangalia kicheko cha aina hii kwa jicho kali. Aliona kwamba mtu hucheka kasoro ya mwenzake kwa sababu ghafla anajiona bora, na kwamba tabia hiyo huwapata zaidi wale wanaojua moyoni kwamba wao wenyewe wana uwezo mdogo. Karne kadhaa kabla yake, Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliweka jambo hilo katika orodha ya maafa ya ulimi ndani ya Ihya Ulum al-Din. Kwake, dhihaka inajumuisha kuigiza maneno na matendo ya mtu, kumkonyezea, na kucheka usemi wake unapokwama. Imepokewa pia kwamba Bibi Aisha alimwigiza mtu mbele ya Mtume Muhammad, naye Mtume akamwambia kwamba hapendi kumwigiza mtu hata akipewa mali kiasi gani.

Na Uislamu haukukataza mzaha. Kitabu cha Shamail cha Tirmidhi kinasimulia habari za Zahir, Bedui ambaye sura yake haikuwa ya kupendeza. Alikuwa akiuza bidhaa zake sokoni, Mtume akamjia kwa nyuma, akamkumbatia na kupaza sauti akiuliza nani atamnunua mtumwa huyu. Zahir alipomtambua, aliuegemeza mgongo wake kwake, akasema kwamba biashara hiyo itakosa mnunuzi. Mtume akamjibu kwamba mbele ya Mwenyezi Mungu yeye ni wa thamani kubwa. Mzaha ulianza kwa mkumbatio na ukaishia kwa kumpandisha mtu hadhi mbele ya soko zima. Hicho ndicho kipimo: baada ya watu kucheka, yule aliyechekwa amesimama juu zaidi au chini zaidi?

"Haelewi huyo"

Utetezi wa pili ni mzito zaidi, na wengi huutoa wakiamini kuwa ni wa huruma. Haelewi huyo, husema, kwa hiyo haumii.

Torati ina amri fupi inayoukabili utetezi huu moja kwa moja. Katika Mambo ya Walawi 19:14 imekatazwa kumlaani kiziwi na kumwekea kipofu kikwazo njiani. Sehemu ya pili haina mgogoro, maana kipofu ataanguka na kuumia. Lakini laana kwa kiziwi inamdhuru nini? Hasikii. Hatalia, hatalala na njaa kwa sababu ya maneno hayo, na huenda asijue kamwe kwamba yalisemwa. Hata hivyo amri imetolewa, na papo hapo inamwagiza mtu amche Mungu wake. Kwa maneno mengine, kosa halisubiri mlengwa alihisi. Limekwisha kutendeka mtu anapoamua kwamba yule ambaye hawezi kujitetea anaweza kufanywa kitu cha kuchezea. Na kuna wengine wanaosikia: wadogo waliokaa kando, wanaojifunza siku hiyo ni nani katika mtaa wao anayeweza kutukanwa bure.

Katika fikihi ya Kiislamu, utetezi wa "haelewi" huegemezwa kwenye hadithi mashuhuri kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abalehe, na asiye na akili mpaka akili imrudie. Kwanza, ni kosa kumweka kila mwenye usonji katika kundi la tatu, kwa sababu wengi wao wana akili timamu na wanawajibika kama Waislamu wengine wote. Pili, hata kwa yule ambaye kalamu yake imeinuliwa kweli, hadithi hiyo inamwondolea yeye hesabu. Kalamu ya anayemcheka inaendelea kuandika.

Na mara nyingi madai yenyewe ya kutoelewa ni ya uongo. Temple Grandin, aliyezaliwa Boston mwaka 1947, alichelewa kusema, na alipoanza alikuwa na tabia ya kurudia maneno. Wanafunzi wenzake walimwita kinasa sauti. Akiwa na miaka 14 alimrushia kitabu msichana aliyemdhihaki, na shule ikamfukuza yeye. Grandin akaja kuwa profesa wa sayansi ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, na mazizi aliyoyabuni ili ng'ombe wasitishwe wakati wa kuhamishwa yametumika kote Amerika ya Kaskazini. Ni mtu mzima sasa, na majina yale ya shuleni ameyasimulia katika vitabu na mihadhara yake. Hakuyasahau.

Wengine hawana mahali pa kuyasimulia. Utafiti ulioongozwa na Sarah Cassidy nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 2014 uliwauliza watu wazima 374 waliokuwa wamegunduliwa karibuni kuwa na aina ya usonji iliyokuwa ikiitwa Asperger. Asilimia 66 walisema wamewahi kufikiria kujiua. Watafiti wengine wameeleza juhudi ya kujificha: mtu mwenye usonji hujifunza kutabasamu kwa wakati, huzuia mikono yake isitikisike, hukariri sentensi za mazungumzo, na hurudi nyumbani amechoka kiasi cha kushindwa kula. Mara nyingi hufanya hivyo siku baada ya siku kwa sababu anajua anachekwa. Asiyeelewa hana haja ya kujificha.

Nani alitenda dhambi?

Hukumu haikomei kwa mtoto. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wa Yesu wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu na swali lao la kwanza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anakataa majibu yote mawili. Kwa karne zote ambazo sura hiyo imesomwa makanisani, swali la wanafunzi limeendelea kuulizwa kana kwamba halijajibiwa.

Joseph Gona na wenzake, waliofanya utafiti Kilifi na Mombasa na kuuchapisha mwaka 2015, waliwauliza wazazi, walimu, wahudumu wa afya na wa ustawi wa jamii wanadhani usonji hutoka wapi. Majibu yalichanganya maradhi na matatizo ya uzazi na uchawi, pepo wabaya na laana. Maelezo kama hayo humwangukia mama kwanza. Anaulizwa alikwenda wapi akiwa mjamzito, alimkosea nani, alikula dawa gani. Baba huweza kuondoka, na akiondoka anapata wa kumtetea.

Msomaji asidhani kuwa hayo ni mambo ya Pwani ya Kenya peke yake, au ya watu wasiosoma. Marekani, nchi ya maabara na vyuo vikuu, iliwatesa akina mama kwa njia ile ile ikitumia lugha ya sayansi. Kanner mwenyewe aliandika kuhusu ubaridi wa wazazi. Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya watoto mjini Chicago, akalikuza wazo hilo katika kitabu The Empty Fortress cha mwaka 1967, akidai kwamba mtoto hujifungia kwa sababu mama hakumpenda. Akina mama walipelekwa kwa wanasaikolojia kuungama kosa ambalo hawakulitenda. Aliyeongoza mapambano dhidi ya uzushi huo alikuwa Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, ambaye kitabu chake cha mwaka 1964 kilionyesha kwamba chanzo kiko katika maumbile ya mwili. Utafiti uliofuata, hasa wa mapacha na wa vinasaba, ulimpa haki Rimland. Aliyetaja laana Kilifi na profesa wa Chicago walikuwa na kosa moja: waliona mateso ya mtu, wakatafuta mkosaji.

Kuna mahali ambapo kupima thamani ya watoto kulifika mwisho wake wa kutisha. Hans Asperger, daktari wa Vienna ambaye jina lake lilitumika kwa miaka mingi kutaja aina ya usonji, aliwasifu baadhi ya watoto aliowahudumia kwa akili zao. Mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alichapisha ushahidi wa nyaraka kwamba, chini ya utawala wa Wanazi, Asperger huyo huyo alishiriki kuwapeleka watoto wengine Am Spiegelgrund, kituo cha Vienna ambako karibu watoto 800 walikufa, wengi wao wakiwa wameuawa. Walioonekana kuwa na faida walilindwa. Walioonekana mzigo walipelekwa huko.

Historia hiyo inawapa onyo hata wenye nia njema. Siku hizi watu hupenda kuwatetea wenye usonji kwa kuwataja wenye vipaji, kama vile mtoto anayekumbuka kalenda ya miaka 50 au kijana mahiri wa kompyuta. Grandin anastahili sifa zake. Lakini mtoto asiyesema neno, asiyejua kufunga vifungo, asiyekuwa na kipaji chochote cha kuonyesha wageni, hadaiwi uthibitisho wa kwamba ana thamani. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, inakataza watu kuwadharau watu wengine kwa sababu huenda wanaodharauliwa ni bora kuliko wao, na inakataza kuitana kwa majina mabaya. Haikutaja ubora huo utapimwa kwa nini, wala haikumpa mwenye kudharau kazi ya kuupima. Maswahaba walipocheka wembamba wa miundi ya mwenzao Abdullah ibn Masud, Mtume aliwaambia kwamba siku ya Kiyama miguu hiyo itakuwa mizito katika mizani kuliko mlima Uhud. Waliocheka walikuwa na macho mazima, nao hawakuuona uzito huo.

Mji uliokubali namba

Forest haukuwa mji wa malaika, na Donald Triplett alikuwa na kinga ambayo wengi hawakuwa nayo. Ukoo wa mama yake ulianzisha benki ya mji, baba yake alikuwa wakili, na familia ilikuwa ya Wazungu katika Mississippi ya ubaguzi wa rangi. Hata hivyo, mwaka 1937, akiwa na miaka mitatu, alipelekwa kwenye taasisi mbali na nyumbani kwa ushauri wa madaktari, kama walivyofanyiwa watoto wengi. Wazazi wake walimtoa mwaka uliofuata, kinyume cha ushauri. Akasoma shule ya mji, akahitimu chuo kikuu mwaka 1958, akafanya kazi katika benki ile, akacheza gofu na kusafiri nchi nyingi hadi alipofariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Donald alikuwa na mazoea ya kuwapa watu namba badala ya majina. Wenyeji wa Forest walizipokea namba hizo, na baadhi yao walizikumbuka hadi uzeeni. Donvan na Zucker walipofika mjini kumtafuta, zaidi ya mkazi mmoja aliwaonya wasije wakamuumiza mtu wao. Hapo masharti ya utani yalitimia: yeye aliwapa namba, nao walimlinda.

Jambo hilo halihitaji utajiri wa Mississippi. Mtume Muhammad alimwachia Abdullah ibn Umm Maktum, aliyekuwa kipofu, usimamizi wa Madina alipokuwa safarini, na alimfanya mwadhini. Ndiye yule yule ambaye kwa ajili yake iliteremshwa Sura ya Abasa, inayomlaumu Mtume kwa kumkunjia uso. Imepokewa pia kwamba Mtume alikuwa akiifupisha swala anaposikia mtoto analia, kwa kumhurumia mama yake. Imamu anayesimamisha mawaidha ili kumwamuru mama amtoe nje mtoto anayejitikisa na kutoa sauti, na mchungaji anayemkaripia mzazi mbele ya waumini, wangeweza kufuata mfano huo.

Sheria nayo imesema. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa utu na heshima, na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Shule ya Msingi City jijini Nairobi na Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam zina vitengo vya wanafunzi wenye usonji. Vitengo kama hivyo bado ni vichache mno kwa mahitaji yaliyopo.

Kwa hiyo mwalimu wa madrasa aweke wazi kwa wanafunzi wake kwamba kumwigiza mwenye usonji kunaangukia katika katazo la aya ya 11 ya Al-Hujurat, na padri naye aihubiri Yohana 9 akiwataja akina mama wa parokia yake wanaoulizwa swali lile hadi leo. Mwalimu wa darasa la kwanza aulize kabla ya kuchapa. Nawe msomaji, mtaani kwako yumo mmoja. Jina lake halisi unalijua, au unaweza kumuuliza mama yake. Mwite kwa jina hilo mbele ya wale wanaomwita vingine, na wakicheka, waambie waache.